Kemper Profiler: maonjo ya kwanza ya mashine inayonasa amplifaya

Mashine hii haina sauti yake. Hilo ndilo la kulishika kabla ya yote kuhusu Kemper Profiler, maana wanaolikosa huishia kuilaumu kwa makosa ya maiki iliyokaa vibaya au ya spika mbovu ya ukumbini. Profaila inasikiliza amplifaya halisi ya gitaa iliyowashwa mbele yake, inaisoma kwa dakika moja hivi, kisha inahifadhi tabia zake: inavyoitikia nyuzi zikiguswa taratibu, inavyoanza kukwaruza ukizicharaza kwa nguvu, boksi la spika linavyoitoa sauti hiyo na maiki inavyoipokea. Kinachohifadhiwa ndicho profaili. Kesho yake amplifaya inabaki studio au inarudi kwa mwenyewe, na wewe unakwenda kazini na sauti yake ndani ya boksi la kilo tano na kitu.

Inatengenezwa na kampuni ya Christoph Kemper iliyoko Recklinghausen, Ujerumani. Wapiga kinanda wanamjua bwana huyu kwa sinthesaiza za Access Virus, alizozitengeneza kabla hajageukia gitaa. Profaila ilitangazwa 2011, na tangu hapo imepata ndugu kadhaa: ya kufunga kwenye raki, PowerHead yenye pawa (kikuza sauti cha kuendesha spika) ya wati 600 ndani yake, Stage ya kuweka sakafuni iliyotoka 2019, na Player ndogo ya 2024 ambayo ilipotoka ilitumia profaili zilizokwisha kuundwa bila kuweza kuunda mpya. Kizazi cha pili, MK 2, kiliingia 2025. Tunayoipima hapa ni ile ya kwanza, yenye umbo la tosta na mpini juu, isiyo na pawa. Ndiyo utakayoikuta mara nyingi ikiuzwa mtumba, na kila kazi ya kunasa sauti inafanyika humo humo bila kompyuta.

Uso wake unatisha kwa dakika tano za mwanzo, halafu unaeleweka. Safu ya juu ya vitufe inafuata njia ya sauti kutoka kushoto kwenda kulia. Zinaanza nafasi nne, A, B, C na D, za efekti (vionjo vya kubadilisha sauti) zinazotangulia amplifaya. Katikati kuna amplifaya yenyewe, EQ ya kurekebisha toni, na kabineti, yaani boksi la spika. Kisha zinafuata nafasi za X, MOD, DLY na REV, za efekti zinazokuja nyuma ya amplifaya. Taa ya kila kitufe inakuambia kilichomo kwa rangi: nyekundu ni distoshani (ukwaruzaji), bluu ni korasi (sauti iliyoyumbishwa kidogo), kijani ni mwangwi. Aliyezoea kupanga pedali sakafuni atajua mara moja kwa nini kompresa (kifaa cha kubana sauti) iliyoko A inasikika tofauti na ile ile ikihamishiwa X. Kompresa ya A inalainisha mkono wako kabla amplifaya haijausikia. Ya X inabana sauti iliyokwisha kupikwa. Mkusanyiko wote huo, yaani amplifaya, kabineti na efekti zake, unaitwa rigi, na ukihifadhi unahifadhi rigi nzima.

Sasa tuje kwenye dakika ile ya kwanza ya kuchomeka gitaa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapovunjika moyo. Wanachomeka Profaila kwenye boksi la spika la gitaa kupitia pawa ya pembeni, wanafungua rigi ya kwanza, na sauti inatoka imezibwa kana kwamba spika imefunikwa blanketi. Wengine wanafanya kinyume: wanazima kabineti, wanapeleka sauti moja kwa moja kwenye spika za ukumbi, na gitaa linalia kama nyuki ndani ya kopo. Mashine ni nzima katika hali zote mbili. Spika ya gitaa ya inchi 12 inakata sana sauti za juu zinapopita kilohezi 5 hivi, na profaili kamili tayari ina ukataji huo ndani yake. Ukiipitisha kwenye spika nyingine ya gitaa, umekata mara mbili. Ukiipeleka ukumbini bila kabineti, hakuna kilichokata, kwa hiyo ukwaruzaji wote wa juu unafika masikioni ukiwa mbichi.

Dawa iko kwenye menyu ya Output, penye neno Monitor Cab Off. Ukiiwasha, tundu la Monitor linatoa sauti bila kabineti kwa ajili ya boksi lako la jukwaani, huku matundu ya Main yakiendelea kutoa sauti kamili kwa fundi mitambo. Mpangilio huu peke yake unatosha kuishi na mashine hii jukwaani: boksi la gitaa mgongoni kwako linakupa ule msukumo wa hewa, na ukumbi unapata sauti ya maiki isiyoingiliwa na ngoma wala mluzi wa spika. Kwa kusikiliza nyumbani, hedifoni nzuri zinazofunika sikio zinatosha. Kama sauti ya maiki ya karibu inakukera kwenye hedifoni, ina ule ukali wa kama kusikiliza kupitia bomba, pandisha Pure Cabinet kidogo kidogo mpaka ukali upungue. Ukiizidisha, profaili zote zinaanza kufanana.

Jambo la pili la dakika za mwanzo ni mlango wa gitaa. Profaili nyingi zilizomo na zinazogawiwa bure ziliundwa kwa gitaa za watu wengine, na pikapu zao (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) hazilingani na zako kwa nguvu. Kwenye ukurasa wa Input kuna vipimo viwili. Clean Sens inapandisha au kushusha ukubwa wa sauti safi ili isipotee ukitoka kwenye rigi ya distoshani. Distortion Sens inaamua gitaa lako linaisukuma amplifaya kwa nguvu gani. Anza na Clean Sens: piga kodi ya nyuzi zote sita kwa nguvu yako ya kawaida ya kazini, na taa ya Input ikifika nyekundu, shusha. Gitaa zenye pikapu za betri na magitaa ya besi ndiyo husumbua hapa. Ukipata kipimo chako, shikilia kitufe cha Lock kisha bonyeza Input. Tangu hapo kila rigi utakayoifungua itakukuta na kipimo chako badala ya kukuletea cha aliyeiunda. Wasioijua Lock huhangaika wiki nzima wakidhani rigi zao zinabadilika zenyewe.

Rigi za kiwandani tuseme ukweli: nyingi zimelenga roki na metali, na efekti zimemwagwa kwa ukarimu ili zivutie dukani. Kwa anayepiga sebene, benga, taarabu ya kisasa au sifa za kanisani, nyingi hazitakuwa na kazi. Programu ya Rig Manager, inayopakuliwa bure kwa ajili ya kompyuta, inafungua mlango wa Rig Exchange ambako watumiaji wenyewe wamepakia maelfu ya rigi. Tafuta kwa jina la amplifaya, halafu zima efekti zote ubaki na amplifaya na kabineti. Ikisimama vizuri ikiwa uchi, ihifadhi. Ikihitaji mwangwi ili ivumilike, ipite.

Lakini thamani ya mashine hii iko kwenye kuunda profaili yako mwenyewe, na kwa muziki wetu hakuna mfano mzuri kama Roland JC-120, ile Jazz Chorus. Ilitoka 1975, ni ya transista, ina wati 120 na spika mbili za inchi 12, na wapiga solo wa sauti safi wameipenda kwa miongo. Ni nzito, bodaboda haiibebi. Kama kuna studio au kanisa lenye moja nzima, iazime kwa nusu siku ufanye hivi.

Gitaa linaingia tundu la mbele la Profaila. Kutoka nyuma, kwenye Direct Output, toa waya wa gitaa hadi tundu la amplifaya. Weka maiki mbele ya spika na uirudishe kwa waya wa maiki wa XLR kwenye tundu la Return. Shure SM57 au maiki nyingine ya dainamiki inatosha kabisa. Maiki ya kondensa italala kimya, kwa sababu tundu la Return halitoi umeme wa volti 48. Ukitaka kuitumia, ipitishe kwanza kwenye miksa au kifaa kingine chenye umeme huo.

Kabla ya kugusa kitufe chochote cha Profaila, safisha amplifaya. Mwangwi uwe sifuri. Distoshani izimwe. Na swichi ya korasi na vibrato izimwe pia, hata kama korasi hiyo ndiyo iliyokuleta. Hapa ndipo wengi hukataa kusikia. Profaila inasoma jinsi amplifaya inavyobadilisha sauti papo hapo: toni yake, ukwaruzaji wake, mbano wake. Haisomi kitu kinachosogea kwa wakati. Korasi inayopanda na kushuka, mwangwi unaochelewa na vibrato ni vitu vya wakati, na vikiwa wazi wakati wa kunasa vinaichanganya mashine, ikupe profaili yenye mashimo kwenye masafa usiyoyatarajia. Tena, korasi ya JC-120 inafanya kazi kwa spika mbili: moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa sauti iliyoyumbishwa kidogo, na hizo mbili zinakutana hewani. Maiki moja mbele ya spika moja ingenasa nusu tu ya jambo.

Maiki sasa. Iweke sentimita 3 hivi kutoka kwenye wavu wa spika, ikielekea pale ukingo wa kofia ndogo ya katikati unapokutana na karatasi ya spika. Vaa hedifoni. Katika hali ya kuunda profaili, Profaila inakusikilizisha amplifaya halisi kupitia maiki, nayo ndiyo sauti itakayonaswa. Mwambie mwenzako asogeze maiki sentimita 2 kuelekea katikati: sauti inang'aa, kucha zinasikika, nyuzi nyembamba zinachoma. Asogeze sentimita 2 kuelekea pembeni: sauti inanona, inapoteza makali, inamfaa wa ridhimu kuliko wa solo. Sentimita hizo zinabadilisha mambo kuliko nobu yoyote utakayoizungusha baadaye. Tumia robo saa nzima hapo. Ukikubali sauti kwa shingo upande ukisema utairekebisha ndani ya mashine, utaishia na profaili unayoirekebisha kila siku.

Voliumu ya amplifaya ifike pale spika inapoanza kusukuma hewa kwelikweli. Haina haja ya kutikisa madirisha. Kisha panga Return Level mashine ipate sauti ya kutosha bila taa nyekundu. Chagua kwamba unanasa sauti safi, hakikisha chumba kiko kimya, na uanze. Itatoka kelele ya ajabu, kwanza kama redio isiyokamata stesheni, halafu milio inayopanda na kudunda. Ni kubwa, kwa hiyo usisimame mbele ya spika. Feni ya chumba izimwe, mlango ufungwe, na jenereta kama lipo liwe mbali, kwa maana chochote maiki itakachokisikia dakika hiyo kinaingia kwenye hesabu.

Ikimaliza, skrini inakupa vitufe viwili vya kulinganisha: amplifaya halisi na nakala yake. Badilisha huku na huku ukipiga kitu kile kile, si sebene la kasi bali kodi moja iliyoachwa ilie mpaka ife. Sikiliza mkia wake. Tofauti zikiwepo hujificha kwenye mkia na kwenye nyuzi nene. Kwa amplifaya safi kama hii, nakala na asili zinakaribiana kiasi kwamba utapotea usijue uko upande gani, na kinachokuumbua ni ule mvumo wa nyuma ambao Jazz Chorus inajulikana nao. Haumo kwenye profaili, na hakuna atakayeulilia. Hifadhi ukiandika jina linaloeleza: amplifaya, maiki, mahali maiki ilipokaa, gitaa lililotumika. Baada ya miezi sita, profaili kumi zinazoitwa JC Mpya hazina maana.

Nasa tatu au nne kabla hujairudisha: swichi ya Bright ikiwa imewashwa, ikiwa imezimwa, maiki katikati, maiki pembeni. Dakika moja kila moja.

Korasi unairudisha ndani ya mashine. Miongoni mwa korasi za Kemper iko inayoitwa Air Chorus, na inafuata wazo lile lile la Jazz Chorus: sauti kavu upande mmoja, iliyoyumbishwa upande wa pili, na mchanganyiko unatokea hewani. Iweke kwenye MOD. Ukiwa na hedifoni utatabasamu. Ila ukumbini kuna mtego. Mifumo mingi ya kumbi zetu na makanisa inaendeshwa kwa mono, yaani bila kugawa kushoto na kulia, na fundi mitambo mwenye haraka atachukua tundu moja tu la Main na kuliacha la pili. Hapo korasi yote imekwenda, kwa sababu upande mmoja peke yake ni sauti kavu au iliyoyumba, na mchanganyiko haupo. Ukijua utapewa chaneli moja, nenda Output uweke Master Mono, au tumia korasi nyingine kama Vintage Chorus inayojitosheleza upande mmoja. Fanya hivyo nyumbani, usingoje saundi cheki.

Kwa mpiga solo wa sebene, ongeza kompresa kwenye nafasi A, kiasi cha kusawazisha mapigo bila kuyalaza, na ufungue ukurasa wa Amplifier utafute Pick. Kipimo hiki kinainua au kushusha mwanzo wa kila pigo, ile tiki ya ukucha au pleki inapogusa uzi. Ukikipandisha kidogo juu ya sifuri, gitaa linajitokeza katikati ya keibodi na ridhimu bila kuongezwa voliumu. Ukikizidisha linaanza kugonga kama taipureta. Mwangwi wa kurudia uweke DLY, mfupi, uliochanganywa kidogo. Hapo umeshapata sauti ya kazi.

Amplifaya za valvu, zile za taa za kioo ndani badala ya transista, zinadai zaidi. Nyaya ni zile zile, maiki ile ile, ila baada ya kelele za kunasa mashine inatoa hatua ya kusafisha, Refine. Unaombwa upige gitaa kwa sekunde 20 au zaidi huku mashine ikilinganisha mkono wako na amplifaya. Piga kodi pana zenye noti nyingi, ziache zilie, gusa taratibu kisha charaza. Kupiga noti moja moja za juu hakuipi cha kujifunza, na kuziba nyuzi kwa kiganja kunaipotosha. Ukwaruzaji wa nakala ukiwa mkavu au ukiwa mwingi kuliko asili, mara nyingi sababu iko hapo, basi rudia hatua hiyo kwa dakika nzima. Kwa sauti safi ya JC-120 hatua hii haina mengi ya kurekebisha. Kipimo cha Definition nacho kina kazi zaidi upande huu wa ukwaruzaji: kikipanda distoshani inakuwa kali na ya kisasa, kikishuka inakuwa laini na ya zamani.

Umeme unaoingia kwenye amplifaya ya valvu unahusika pia. Volti ikishuka jioni mtaa mzima unapopika, valvu zinapata umeme mdogo na sauti inalegea, na profaili utakayoinasa saa hiyo ni ya amplifaya iliyolegea. Weka stabilaiza kwenye amplifaya siku ya kunasa. Profaila yenyewe inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Ulaya au Marekani inafanya kazi kwetu bila transfoma. Unabadilisha waya tu, ule ule wa kompyuta ya mezani wenye plagi ya pini tatu bapa. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani ya volti 120 haina bahati hiyo, itakuungulia.

Ukisikia mvumo mnene wa umeme mara tu unapounganisha Direct Output na amplifaya, ni mzunguko wa athi (waya wa umeme unaokwenda ardhini): vifaa viwili vimefungwa kwenye athi ya ukutani na kwenye waya wa gitaa kwa pamoja. Mashine ina Ground Lift inayoukata kwa upande wa waya wa gitaa. Tumia hiyo. Kukata pini ya athi kwenye plagi ni mtindo ambao bado unaonekana kwenye bendi, na kwa amplifaya ya valvu yenye mamia ya volti ndani unaweza kuua mtu aliyeshika gitaa huku mdomo wake ukigusa maiki ya kuimbia.

Kuna kikomo kimoja kinachopaswa kusemwa wazi. Profaili ni picha ya amplifaya ikiwa na nobu zake mahali pamoja. Nobu za besi, kati na treble za Profaila ni zake yenyewe, hazijui treble ya amplifaya uliyoinasa ilikuwa inafanyaje. Ukisogeza kidogo hupati shida, ukisogeza sana unaondoka kwenye ukweli wa ile amplifaya. Ndiyo maana tumesema nasa kadhaa. Mwaka 2023 kampuni ilileta Liquid Profiling kama sasisho la bure, inayokuruhusu kuipa profaili ya zamani tabia ya geini na toni ya aina fulani ya amplifaya, ili nobu zifuate mwendo wa nobu za asili. Inafanya kazi vizuri pale tu unapojua nobu za amplifaya zilikuwa wapi wakati wa kunasa. Andika namba hizo, au piga picha ya uso wa amplifaya kwa simu kabla hujazima.

Kuchelewa kwa sauti, hofu ya kila anayetoka kwenye amplifaya za kawaida, ni milisekunde 3 hivi. Sauti yenyewe hewani hutumia muda huo kutembea mita moja. Mkono hauhisi chochote.

Jukwaani hali ya Perform ndiyo ya kutumia. Ina nafasi 125, na kila moja inabeba rigi tano, hivyo wimbo mmoja unaweza kuwa na sauti ya utangulizi, ya beti, ya sebene, ya solo na ya kumalizia, zote zikiwa chini ya mguu. Rimoti yake ya miguu inauzwa peke yake na inaunganishwa kwa waya mmoja wa netiweki unaobeba na umeme wake, kwa hiyo hakuna adapta ya kusahau. Ubaya wake, waya huo una klipu ndogo ya plastiki ambayo hukatika ukikanyagwa. Beba wa akiba. Bila rimoti unaweza kutumia pedali yoyote ya MIDI (lugha ya kuamrishana ya vyombo vya muziki), ila utapoteza majina ya rigi kwenye skrini ya miguuni.

Fundi mitambo akilalamika kwamba taa yake inawaka nyekundu hata akishusha geini mpaka mwisho, usishushe Master kwanza. Kuna chaguo la kupunguza Main kwa desibeli 12, limewekwa kwa ajili ya miksa zinazotarajia sauti ndogo ya maiki. Pia tenganisha Main na nobu ya Master, ili ukijiongezea sauti kwenye spika yako usimvurugie aliyeko nyuma ya ukumbi.

Bei ya mpya ilikuwa zaidi ya yuro 1,000, bila rimoti. Kwa anayepiga kila wiki kwenye kumbi tofauti na kukuta amplifaya tofauti kila mara, au studio yenye amplifaya moja nzuri isiyotaka kuizungusha mjini, tunaona inastahili. Kwa kanisa lenye wapiga gitaa watatu wanaopokezana, inastahili zaidi, kwa kuwa kila mmoja anaweka rigi zake. Kwa anayejifunza nyumbani na hana njia ya kufika kwenye amplifaya nzuri hata kwa siku moja, nusu ya mashine itabaki bila kazi. Huyo anunue gitaa bora kwanza.

Ukinunua ya mtumba, kagua hivi dukani. Zungusha kila nobu na uangalie namba kwenye skrini: zikiruka au kurudi nyuma, nobu imechoka. Chomeka maiki kwenye Return na uunde profaili moja hata ya amplifaya ndogo ya mazoezi. Muuzaji akikataa jaribio hilo la dakika kumi, kuna jambo. Jaribu matundu yote mawili ya Main, la Monitor na la hedifoni. Angalia toleo la programu pia, lakini likiwa la zamani lisikutishe. Unapakua toleo jipya bure, unaliweka faili la kaos.bin kwenye folda ya OS Update ndani ya flashi iliyofomatiwa na Profaila yenyewe, na mashine inajisasisha. Flashi iliyofomatiwa na kompyuta mara nyingine haisomeki.

Flashi hiyo hiyo ndiyo ya kuhifadhia nakala ya rigi zako zote, na kwa umeme wetu ifanye kila baada ya kunasa. Profaila inazimwa kwa nobu ya kushoto, na inachukua muda kidogo kumaliza kuandika. Subiri skrini ife ndipo uchomoe. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, mabadiliko ambayo hukuyahifadhi yamekwenda, kwa hiyo bonyeza Store kila unaporidhika na uiweke mashine kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Usiichomeke soketi moja na friji ya baa.